Hema Lililobanwa

Kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mtu, Pindo alikuwa na mambo yake matatu. Aliifuta cherehani kwa kitambaa kikavu, akaitia matone mawili ya mafuta, kisha akashona mstari mmoja kwenye kipande cha kutupa ili asikie mashine imeamkaje. Alisema mashine nazo huamka na nuksi zao, kama watu. Asubuhi ile alikuwa katikati ya mstari huo wakati furushi kubwa la rangi ya chungwa lilipotua mezani, puu! Likaukumba mkebe wa pini, na pini zote zikamwagika sakafuni.

"Usininunie," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Nimekuletea mgonjwa."

Alikuwa Mwalimu. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, enzi hizo mmoja akijificha nyuma ya mgongo wa mwenzake kila mgeni alipoingia darasani. Aliyejificha alikuwa Pindo. Mwenye mgongo sasa alifundisha jiografia sekondari, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho.

"Mgonjwa gani huyu?"

"Hema langu. Zipu imekufa na kona hii imechanika. Kufikia Ijumaa liwe limepona. Jumamosi tunapanda mlima, tunalala huko, Jumapili tunashuka."

"Mnakwenda na nani?"

"'Mnakwenda' imetoka wapi? Tunakwenda. Mimi, wewe na Dakika."

Pindo aliinama upesi kuokota pini. "Mimi nikipanda ngazi za duka la vitambaa tu, nikifika juu natafuta kiti," alisema akiwa chini ya meza. Kisha, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Dakika naye amekubali?"

Mwalimu akaangua kicheko. "Kumbe jina hilo moja lingetosha! Nimemaliza mate bure."

Dakika alikuwa kijana fundi saa. Kibanda chake, chenye upana wa mlango mmoja, kilitazamana na duka la ushonaji, na jina alilipata kwa sababu kila mteja, awe wa betri au wa saa iliyokanyagwa na gari, alijibiwa vilevile: "Dakika moja tu." Pindo alikuwa amemtazama kupitia dirishani kwa miaka miwili. Uso hakuutazama, aliona haya. Alitazama mikono. Alimwona akiokota kwa kibano skrubu ambazo mtu mwingine angezidhania vumbi, akiziweka mahali pake bila kutetemeka, na kila jioni alijiambia kwamba kesho atamsemesha neno jingine zaidi ya habari za asubuhi. Kesho hizo zilikuwa zimeshakuwa nyingi.

Zipu aliibadilisha Jumatano. Kona aliitia kiraka Alhamisi, na jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, akalitandaza hema lote sakafuni aone kama kweli limepona. Hapo ndipo alipogundua kwamba lilikuwa nguo mbili: ya ndani nyepesi, na ya nje nzito yenye kamba. Akaiweka ya nje juu ya ile ya ndani, kama fundi anavyopima koti juu ya bitana. Hazikulingana. Ya nje ilipwaya pande zote kama suti ya kuazima.

Marehemu shangazi yake, aliyemfundisha kazi, hakuwa na msamaha kwa koti linalopwaya juu ya bitana. Angekurushia usoni, ukafumue upya. Pindo alikaa kitako akilitazama lile hema, vidole vikimwasha. Angeweza kumpigia Mwalimu simu amuulize. Lakini akiuliza, isingekuwa zawadi tena. Na alitaka sana, japo mara moja, kazi yake ionekane bila yeye kulazimika kufungua kinywa. Akachukua chaki. Akaibana ile ya nje mishono minne, upana wa vidole vinne kila mshono, akapitisha sindano mara mbili mbili isije ikafumuka, kisha akakata kitambaa kilichozidi na kukitupa kwenye pipa la vipande. Alipomaliza, nguo zile mbili zilishikana kama ngozi na nyama. Akalikunja, akazima taa, akaenda kwao akitabasamu peke yake njiani kama chizi.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa getini, chini ya mlima. Askari wa hifadhi aliandika majina yao, akawatazama mmoja mmoja, na macho yake yakaishia kwenye fulana ya pamba na jinzi ya Pindo.

"Huyu ni mara yake ya kwanza?"

"Ya kwanza, ila ana moyo," alisema Mwalimu. "Koti nitampa langu la akiba."

"Moyo haukauki ukilowa. Huko juu usiku maji yanaganda. Hema lenu ni zima?"

"Mwaka wa sita huu halijaniangusha. Na juzi limetoka kwa fundi."

Pindo akatazama viatu vyake. Vilikuwa vya dada yake, vikubwa kidogo, na ndani alikuwa amevaa soksi mbili mbili.

Saa ya kwanza walipita msituni, kwenye njia ya matope iliyofungwa na mizizi kama ngazi iliyotengenezwa na mlevi. Saa ya pili Pindo aliacha kutazama miti akabaki kutazama visigino vya Mwalimu. Saa ya tatu hakutazama chochote. Begi lilimkata mabega, koo lilikauka, na pumzi ilitoka kwa mlio ambao hakuujua kuwa ni wake.

"Pindo," Dakika alisema nyuma yake, "unalia kama cherehani isiyotiwa mafuta."

"Niache nife kwa amani."

"Usife hapa, dada. Begi lako nani atabeba?"

Pindo alicheka, na kicheko kikamkata pumzi, akakaa juu ya jiwe. Malengelenge yalikuwa yamemtoka kisigino cha kushoto. Dakika akapiga goti matopeni, akamvua kiatu, akaukausha mguu kwa leso yake, akabandika plasta polepole, ukingo hadi ukingo, bila kikunjo hata kimoja. Pindo alivitazama vile vidole vya shahada na vya kati vikifanya kazi kana kwamba kisigino chake ni kioo cha saa.

"Mikono yako hiyo…" alianza.

"Ina nini?"

Pindo akautia mguu kiatuni. "Hamna. Asante."

"Dakika moja tu, mteja wangu," alisema, akamfunga kamba za kiatu.

Walifika mahali pa kambi jua likizama, juu ya mstari wa mwisho wa miti, kwenye mgongo wa mlima uliojaa mawe. Upepo ulikuwa na meno. Walisimamisha hema kwa haraka, vidole vikianza kufa ganzi, na lilipokaa sawa Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili akalimulika kwa tochi.

"Jamani, mbona leo limekaa kama limezaliwa upya? Halina hata kikunjo!"

"Si limetoka kwa bingwa," alisema Dakika, akamgeukia Pindo, akampigia saluti.

Hiyo ndiyo ilikuwa saa nzuri kuliko zote maishani mwa Pindo, na ilidumu kiasi cha maji ya chai kuchemka. Mwalimu alikuwa amekwisha kuinama kwenye kamba ya upande wa upepo. "Ila linavuta," alinung'unika. "Vigingi vinaangukia kwenye mwamba, haviingii." Alikizungusha kimoja, kikagoma. "Basi. Tutawekea mawe. Tule kwanza, mikono imekufa."

Walikula mkate na supu ya pakiti, wakachekana, wakaingia kulala wakiwa wamebanana, Pindo katikati. Mvua ilianza saa nne.

Mwanzoni ilikuwa sauti tu, na sauti ya mvua juu ya paa ni kitu kizuri ukiwa pakavu. Kisha tone likamwangukia Pindo shavuni. Likafuata la pili. Alipoinua mkono, kitambaa chote cha juu kilikuwa kimelowa chapachapa, na mahali alipogusa maji yakashuka mkononi hadi kwapani.

"Usiguse!" Mwalimu aliwasha tochi ya kichwani. Alimulika dari, akamulika ubavu, na Pindo akaiona sura yake ikibadilika. "Hapana. Hapana! Zimegusana. Hizi nguo mbili hazitakiwi kugusana hata kidogo. Katikati lazima pawe na nafasi, hewa ipite. Zikigusana tu, mvua yote ya nje inaingia ndani. Ndiyo maana ile ya nje hushonwa pana."

"Mbona zamani haikuwa hivi?" aliuliza Dakika.

"Uzee. Itakuwa imesinyaa kwa jua. Nilipaswa kulijaribu nyumbani kwanza. Mjinga mimi!"

Pindo alifungua kinywa. Aliyaona maneno yote yakiwa tayari yamepangwa, mafupi, ya kawaida kabisa: si uzee, ni mimi. Kisha akajiambia atasema kukikucha, watakapokuwa wamekauka, watakapoweza kucheka.

Kushuka gizani hakukuwezekana. Njia ilikuwa imegeuka mto, na chini ya kambi kulikuwa na genge, mwamba unaokatika ghafla. Baada ya saa moja mifuko ya kulalia ilikuwa kama matambara ya kudekia. Mvua ikageuka punje za barafu. Fulana ya pamba ilimgandia Pindo mwilini chini ya koti, meno yakagongana mpaka taya likauma, na kisha, jambo lililomtisha Mwalimu kuliko yote, yakaacha kugongana. Alipoulizwa jina la mtaa wao alitaja la mtaa mwingine.

"Huyu anatupotea," alisema Mwalimu. "Lazima apate pakavu. Japo upande mmoja."

Dakika alitoka nje. Walimsikia akihangaika na kamba, kisha hema likavutika upande wa kulia, nguo zile mbili zikaachana, na matone ya upande ule yakakoma. Mwalimu akamvua Pindo nguo za maji, akamvika sweta la mwisho lililokuwa kavu, akamkumbatia kifua kwa kifua pale palipokauka.

"Umeifunga wapi?" alipaza sauti.

"Pa kufunga hapapo! Mawe yanachukuliwa na upepo. Nimeishika mwenyewe."

"Utaishika mpaka lini?"

"Dakika moja tu!"

Alikuwa ameiviringisha ile kamba nyembamba kwenye mkono wa kulia na kukaa kitako, mgongo kwenye mwamba, miguu imekanyaga jiwe. Kila mara Mwalimu alimwita, akimwambia aingie wapokezane, na kila mara alijibu vilevile, na mara ya kwanza na ya pili ilikuwa bado inachekesha. Mwalimu hakuthubutu kumwachia Pindo. Pindo naye, damu ilipoanza kumrudi kichwani, alilala akisikiliza sauti ile ya nje ikipungua. Alijua kamba ile ilikuwa inarudisha nafasi aliyoikata yeye. Vidole vinne kila mshono.

Karibu na alfajiri Mwalimu aliita na hakujibiwa.

Walimkuta amekaa vilevile, amefumba macho, barafu kwenye nyusi. Alikuwa hai. Kamba ilikuwa imemzama kwenye vidole na mvua ikaikaza, isitoke, na vidole vilikuwa vyeupe na vigumu kama mishumaa. Pindo alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, aliouvaa shingoni siku zote. Aliikata kamba ile mara tano kabla haijaachia. Dakika alifumbua macho akautazama mkono wake kama saa iliyoletwa na mteja.

"Sihisi kitu," alisema. Hakufanya utani.

Walishuka kwa saa saba. Askari wa hifadhi, aliyepigiwa simu na Mwalimu, aliwapokea katikati ya msitu akiwa na machela. Hospitalini daktari alisema maneno yake ya kitaalamu, kisha akayasema kwa lugha ya kawaida: baridi, maji, na damu iliyozuiwa kwa kamba. Baada ya wiki mbili alikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Vilivyosalia vilipona kwa kutazama tu. Ukivichoma na sindano, havikujua.

Kibanda cha mbele ya duka la ushonaji kilibaki na kufuli. Pindo alikuwa anaifuta cherehani, anaitia mafuta, lakini ule mstari wa kujaribia hakuushona tena. Aliogopa mlio wake.

Lawama zilimwangukia Mwalimu, na hakuzikwepa. Mtaani alisema mwenyewe: hema lilikuwa langu, bovu, mimi ndiye niliyewapeleka. Shuleni mkuu alimwondoa kwenye safari za wanafunzi. Mama yake Dakika alimfungia mlango mara mbili. Kwa Pindo mama huyo alikuwa asali. Alimwita mwanangu, akamshukuru kwa mkasi, akawaambia majirani kwamba bila yule binti mpole mkono wote ungekwenda. Na Pindo, kila mchana, alifika na chupa ya chai, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akaondoka bila kusema alichokuja kukisema. Siku ya kwanza alisema moyoni kwamba Dakika bado ni mgonjwa. Siku ya sita, kwamba mama yupo. Siku ya kumi na tatu hakuwa tena na la kusema moyoni.

Siku hiyo Dakika alikuwa mezani, mbele ya sahani nyeupe yenye skrubu ndogo. Alikuwa akijaribu kibano kwa mkono wa kushoto. Kila alipoinua skrubu, iliruka ikaanguka, na kila ilipoanguka alianza upya bila kuguna, na kule kutoguna ndiko kulikokuwa kubaya.

"Siku kumi na tatu," alisema bila kuinua macho. "Unaleta chai, unaitazama, unaondoka. Una neno, Pindo. Litoe tu. Mimi siumi."

Kabla hajajibu, mlango ulibishwa ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu, amekonda, na kwapani alikuwa na furushi la rangi ya chungwa.

"Shikamoo, mama."

Mama yake Dakika hakuitikia. Aliiweka chini sufuria aliyokuwa akiifuta. "Umefuata nini? Umekuja kuhesabu vilivyobaki?"

"Mama," Dakika alisema.

"Niache niseme! Huyu amesoma, anafundisha watoto wa watu. Anamchukua mwanangu anampeleka kwenye barafu na tambara, anasema eti hema! Kazi ya mwanangu ilikuwa vidole. Wewe kazi yako ni mdomo, na bado unao."

Mwalimu alimeza yote yale akiwa amesimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Sauti yake ile ya dawati la mwisho haikufika hata katikati ya chumba. "Ni kweli, mama. Nimekuja nalo. Sijalifungua tangu siku ile. Nalipeleka jalalani, ila nilitaka ulione kwanza, ujue halitamdhuru mtoto wa mtu mwingine. Limesinyaa kwa uzee, na mimi sikulikagua. Sina la kujitetea."

"Basi lipeleke, na wewe ubaki hukohuko."

Mwalimu aligeuka. Alikuwa na mgongo uleule, mpana, ambao Pindo alijificha nyuma yake tangu akiwa na miaka saba. Alikuwa amejificha nyuma yake hata sasa.

"Ngoja," alisema Pindo.

Sauti yake ilitoka ndogo, karibu isisikike. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akalichukua lile furushi kutoka kwapani mwa rafiki yake, akalitandaza sakafuni pale pale, bado lina unyevu na harufu ya ukungu, akapiga magoti akatafuta kwa ncha za vidole mpaka akapata mahali penyewe. Mshono ulikuwa umenyooka, umepitiwa mara mbili, mzuri. Ulikuwa mmoja wa mishono mizuri aliyowahi kushona.

"Mama, njoo utazame hapa. Na wewe, Mwalimu. Hema halikusinyaa."

"Ndiyo nini hiyo?" mama aliuliza.

Kibano kilikuwa kimetulia mezani. Pindo aliinua macho, na kwa mara ya kwanza hakuyapeleka kwenye mikono ya Dakika; aliyapeleka usoni kwake, akayaacha hapo.

"Nililibana mimi," alisema. "Alhamisi jioni, peke yangu. Vidole vinne kila mshono. Lilikuwa zima, nikaliharibu, na usiku ule Mwalimu alipoeleza nilielewa palepale, nikanyamaza. Mvua inaingia, nimenyamaza. Wewe uko nje unashika kamba, nimenyamaza. Sikumuuliza mtu, kwa sababu nilitaka ulione limekaa vizuri, uulize nani kalishona. Nilitaka unione, Dakika. Miaka miwili nilikuwa nataka unione tu."